Viatu vya Sajenti Venant

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dorice alikaa barazani kwao, mtaa wa Majengo mjini Mpanda, akivipiga rangi viatu vya baba yake. Sajenti Venant alikuwa askari polisi kwa miaka ishirini na minne. Alipokuwa kituo cha Ikola, kando ya ziwa, wavuvi walimletea zawadi ya dagaa akawarudishia, hata mkewe akanuna siku mbili. Akitoka kazini alivua kofia, akawasongea wanawe ugali huku akiimba vibaya.

Alhamisi ile Dorice aliving'arisha viatu vilevile, ingawa hakuna aliyevihitaji. Baba yake alianguka Jumanne akiwa lindoni, wala hakuamka tena. Uani watu walikuwa wamejaa, wakisubiri mazishi ya saa nane.

Ndani ya kisanduku cha brashi, chini ya kitambaa, zilikuwemo dawa za presha. Dorice alikuwa amezikuta humo miezi miwili nyuma, baba yake akacheka na kumwambia, "Niko fiti, mwanangu. Zinanichosha tu hizo. Usimwambie mama yako, atahangaika bure." Dorice akaitunza siri. Sasa alijiona yeye ndiye aliyemuua baba yake.

Baba yake mdogo, Gaspar, alimletea karatasi. "Wewe unasoma vizuri. Utatusomea wasifu wa marehemu kabla jeneza halijatoka."

Dorice aliupitia. Mwishoni paliandikwa kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wowote, bali ameuawa kwa mkono wa mtu.

"Mtu gani, baba mdogo?"

"Bibi Suzana hapo jirani, ndiye aliyemroga. Baba yako alimkamata mwanawe akafungwa, na yule bibi akasema ipo siku na nyie mtalia. Tukitoka kuzika, vijana wataenda kwake."

Dorice alitazama getini. Vijana wanne walisimama pale, na miguuni pao palikuwa na dumu la petroli. Bibi Suzana ndiye aliyekuwa akimkaangia karanga tangu akiwa mdogo.

Saa ilipofika alisoma. Alisoma kuhusu Ikola, kuhusu kazi, kuhusu mume aliyempenda mkewe. Alipofika mstari wa mwisho, aliikunja karatasi, akazitoa mfukoni dawa alizokuwa amezichukua kisandukuni.

"Hapa pameandikwa baba ameuawa kwa mkono wa mtu. Si kweli," alisema. "Baba alikuwa na presha. Aliacha dawa akaniambia nisiseme. Hizi hapa."

Gaspar aliinuka. "Unamwaibisha baba yako mbele ya watu?"

"Baba hakumkamata mtu bila ushahidi," Dorice alijibu huku akilia. "Ushahidi dhidi ya Bibi Suzana uko wapi?"

Marselina, mama yake, alitoka mkekani akazichukua dawa. Pakiti moja tu ndiyo ilikuwa imefunguliwa. Alizitazama, machozi yakimtiririka. "Venant, Venant," alisema. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Gaspar, waambie wale watoto wa getini waende makwao."

Gaspar alikaa chini akajifunika uso. Afande Rahel, aliyefanya kazi na marehemu miaka mingi, alikuwa tayari ameshafika getini na kulichukua lile dumu. Vijana waliondoka mmoja mmoja.

Walipotoka kuzika, Afande Rahel alikwenda kumchukua Bibi Suzana, aliyekuwa amejifungia ndani tangu Jumanne. Bibi aliingia uani taratibu. Marselina alisogea ili naye apate nafasi kwenye mkeka.

Jioni Dorice alimuuliza afande, "Ningesema mapema, baba angepona?"

Afande Rahel hakumdanganya. "Pengine. Sijui. Lakini lile lilikuwa kosa lake, si lako. Mtu mzima hapaswi kumtwisha mtoto siri kama ile. Baba yako alikuwa mtu mwema, na alikosea. Dawa ya presha inamezwa hata siku unayojiona mzima. Na siri inayoweza kuua mtu haitunzwi, hata ukiombwa na unayempenda." Alimshika bega. "Kwa baba yako umechelewa, mwanangu. Kwa Bibi Suzana umewahi."