Yuniti Mbili za Bosi

"Umemdunga Bosi?"

Gatkuoth aliibana simu sikioni, sauti ya Loise isitoke nje. Sebule ya Anko Thok hapo mtaa wa Gudele ilijaa wazee wa ukoo, wamekaa tangu asubuhi kupanga nani atoe ng'ombe gani kwa mahari ya Loise, mchumba wake, na wote walikuwa wamenyamaza wanamsikiliza yeye.

"Bado," alinong'ona. "Nitapita baadaye."

Akakata.

"Bosi ni nani?" Anko Thok akauliza.

"Ni... mtu wa kazini."

Uongo mtupu! Bosi ni paka wa Loise, na ana kisukari. Saa moja kamili asubuhi Gatkuoth alikuwa ameshampa chakula, akasubiri amalize, akamdunga insulini yuniti mbili kwenye ngozi ya shingo. Ndivyo afanyavyo kila Loise akiwa zamu ya usiku hotelini. Ila leo Anko Thok alikuwa nje na gari anapiga honi, na kwa haraka ile Gatkuoth hakutia tiki kwenye daftari la dozi. Sasa mwanaume mzima, msimamizi wa matishari bandarini, aseme mbele ya wazee kwamba yeye ni nesi wa paka? Thubutu! Alijua leo zamu ya Loise imeongezwa hadi saa sita mchana. Angemweleza baadaye.

Nusu saa baadaye simu ikatetemeka. Meseji.

"Wametuachilia mapema, babe. Niko nyumbani. Nimempa chakula na nimemdunga zile mbili. Nalala, nimechoka mbaya."

Dakta Athieng wa mifugo aliwaonya siku ya kwanza kabisa: dozi ikizidi, sukari inashuka, paka anaweza kufa. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Loise akitoka zamu huzima sauti ya simu.

Akasimama.

"Wapi?" Anko Thok akamkazia macho. "Hii kikao ni yako."

"Nimewadanganya, Anko. Bosi ni paka wa Loise. Ana kisukari. Nilimdunga asubuhi, nikaona aibu kusema. Sasa Loise amemdunga tena. Nisipofika atakufa."

Wazee waliangua kicheko, mmoja mpaka akakohoa.

"Paka! Na sindano!"

Anko Thok hakucheka. "Ukitoka hiyo mlango, mimi sitoi ng'ombe yangu."

"Basi, Anko. Nisameheni, wazee wangu."

Akatoka mbio, akarukia boda.

Alimkuta Bosi jikoni, anapepesuka kama mlevi, miguu ya nyuma inamwishia nguvu.

"Loise! Amka! Lete asali!"

Loise alitoka chumbani na kanga yake, macho mekundu. "Kuna nini?"

"Nilimdunga saa moja. Umemdunga mara ya pili."

Loise alikimbilia chupa ya asali. Gatkuoth alikuwa ameshampigia Dakta Athieng, simu kwenye spika:

"Mpakeni kwenye ufizi, kidogo kidogo. Akiweza kumeza, mpeni chakula. Halafu mleteni hapa mara moja. Na msimdunge tena mpaka niwaambie."

Walipiga magoti sakafuni, Gatkuoth anashika kichwa, Loise anapaka.

"Ulisema bado," Loise akasema.

"Wazee walikuwa wanasikiliza."

"Nilikuuliza swali moja tu, Gat! Moja! Mama alipofariki, huyu ndiye alikuwa analala kifuani kwangu. Na wewe unamwonea aibu? Kesho utanionea mimi!"

"Nilikuwa mjinga. Nimewaambia wazee ukweli wote, Loise. Anko amekataa kutoa ng'ombe."

Loise alimtazama. Machozi yakamtoka. Ndipo ulimi mdogo wa Bosi ukaramba kidole chenye asali. Mara moja. Mara ya pili. Baada ya dakika kadhaa akainua kichwa, akalia njaa.

"Ai, Bosi wangu!" Loise akamkumbatia.

Honi ikalia nje. Anko Thok aliingia taratibu, kofia mkononi.

"Iko hai?"

"Yuko hai, Anko. Karibu," Loise akasema, akijifuta uso.

Mzee alikaa. Akatoa mfuko mdogo kwenye koti lake, na ndani yake kulikuwa na chupa ya insulini na sindano.

"Mimi pia iko na hii sukari. Mwaka tatu sasa. Najidunga chooni, bibi yangu hajui. Leo huyu kijana amesimama mbele ya watu yote kusema juu ya paka. Mimi hata juu yangu nilishindwa."

Loise akauliza, kwa sauti ile ile anayomuulizia Bosi:

"Leo umekula, Anko?"

"Bado. Na sijadunga."

"Basi unakula kwanza. Kuna chapati, utakulia kwenye gari. Bosi lazima afike kwa Dakta."

Alilichukua daftari, akamsukumia Gatkuoth.

"Andika. Saa yake, dozi yake, na jina lako."

Gatkuoth akaandika. Loise akalivuta, akachora safu mpya ya dozi pembeni, akaandika juu yake: Anko Thok.

Mzee aligusa jina lake kwa kidole.

"Gat," akasema, "beba Bosi. Na hiyo ng'ombe yangu... nimetoa."