Shuka Iliyokataa Kutakata

Pa.

Nguo mbichi ilipigwa kwenye jiwe la kufulia, uani, katikati ya usiku. Mara moja tu, kisha kimya.

"Umesikia?" Dobi alimnong'oneza mkewe.

"Nimesikia."

"Nenda kaangalie."

Huyo ndiye mwanamume wa nyumba. Mikono yake hukamua blanketi zito likatoa tone la mwisho, lakini giza likikohoa humtanguliza mkewe.

Mke akaenda. Uani hapakuwa na mtu. Kwenye kamba ilining'inia shuka moja, ikidondosha maji, ikinuka sabuni, na chini ya sabuni, damu. Aliitambua. Ndiyo aliyolalia mimba yake ya tatu ilipotoka, na mama mkwe aliichoma moto kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi mama mkwe aliiona, akaziba pua. "Jini lake hilo," akamwambia mwanawe, kana kwamba mkwewe ni ndoo iliyoachwa mlangoni. "Mimba tatu, zote chini. Tumbo gani linalomwaga kila kinachowekwa?"

Jini. Neno tamu kwa wavivu wa kukumbuka. Mimba ya kwanza ilitoka ngazini, mke akipandisha beseni la nguo mbichi, maana nyumba ile ilishika mila kwamba mimba haitangazwi mpaka ijionyeshe yenyewe, na isiyotangazwa haipunguziwi kazi. Ya pili alinyimwa mayai na nyama, ati mtoto asinenepe akashindwa kutoka, mpaka akawa anaanguka na pasi mkononi. Ya tatu hakuna hata aliyeuliza, ingawa mke alishinda kitandani akiugulia ubavu. Yote hayo walimtwika jini, wakanawa mikono, wakala.

Na sasa alikuwa na ya nne, chini ya kanga, siri yake peke yake.

Alasiri mganga alifika uani na kikombe cha dawa nyeusi. "Ya kusafisha tumbo," alisema. "Akinywa, kila kilichomo kitatoka."

"Kila kitu?" mke aliuliza polepole.

"Kunywa, mwanangu. Maswali waachie wenye watoto," alisema mama mkwe.

Ndipo shuka za wateja zilizoanikwa pale zilipoanza kujaa, na upepo hakuna, moja baada ya nyingine, zikivimba kwenye kamba zikawa duara kama matumbo ya wanawake waliosimama safu, kisha zikanywea taratibu kuanzia mwanzo wa kamba, na kila iliponywea ikasikika pumzi ya mtu aliyeumia, na harufu ya damu ikapanda mpaka ikakaa kwenye ulimi, hadi ikabaki ile moja tu, ile iliyochomwa, na nyuma yake kivuli cha mwanamke aliyeinama akifua.

"Mimi nafua tu," sauti ilisema, ya chini, ya kuchoka. "Siui. Lakini hii haitakati mpaka aliyeimwaga damu atajwe jina."

Mganga, aliyejisifu kwamba majini humwamkia, alikuwa ameshajificha nyuma ya mama mkwe.

"Taja lako," Dobi alimnong'oneza mkewe, jasho likimtiririka. "Sema ni wewe, liondoke."

"Halitaki langu."

"Mkwe wangu," mama mkwe akasihi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na adabu, "yale ni mambo ya chumbani. Mke hamtaji mumewe."

Ni kweli, hakuwahi kumtaja. Tangu aolewe alimwita mwenye nyumba, ama yeye, ama alikohoa tu, kwa kuwa jina la mume kinywani mwa mke lilihesabiwa tusi. Hata usiku ule wa teke la ubavuni, akiwa sakafuni na damu ikimtoka, alilia, "Mwenye nyumba, basi."

Dobi akakichukua kikombe kwa mganga, akamsogezea mkewe mdomoni. "Kunywa."

Mke akakisukuma kando. Akaweka kiganja tumboni, wazi, mbele yao wote, akamtazama mumewe usoni, kisha mguuni, akalitamka jina lake, lote, na la baba yake juu.