Dakika ya Kumkumbuka Koromeo

Bisha. Nasema bisha, tena mbele ya watu, nikuumbue vizuri. Shule niliikimbia mapema, sikatai, lakini hili sikulisoma popote. Lilimkuta binamu yangu, mtangazaji wa redio, asubuhi kweupe, chai yake ikiwa mezani.

Aliyemfundisha kazi ni mzee mmoja tuliyemwita Koromeo. Ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo, kwa sauti nzito mno hata wanaopigana walisitisha ngumi kwanza wamsikilize. Alimfundisha binamu kuvuta pumzi mbali na maiki, kutabasamu ili na sauti itabasamu. Na sharti moja: redio isikae kimya. Karatasi ikipotea, kohoa, imba, taja saa.

"Kwani kutatokea nini, mzee?"

"Ukinyamaza wewe, atasema mwingine."

Binamu akacheka. Mzee hakucheka.

Koromeo alipofariki, meneja aliagiza kipindi cha kumkumbuka, na ndani yake dakika moja ya kimya.

"Bosi, mzee kimya alikuwa hakitaki."

"Na wewe kipindi unakitaka, hukitaki?"

Alikitaka. Akasimulia maisha ya mwalimu wake, akawaomba wasikilizaji wasimame. Akafunga maiki.

Studio ikatulia. Feni ikazunguka. Kiti cha pili, kile cha Koromeo, kikatoa mlio kama kimepata mtu. Binamu akatazama mitambo. Maiki zote zimefungwa.

Sindano ya kupimia sauti ilikuwa inacheza.

Inapanda. Inashuka. Kama mtu anasoma.

Akavaa vipokea sauti. Kimya. Hakungoja dakika iishe. Akafungua maiki akaanza kubwabwaja: saa, mvua, chochote.

Hapo hapo simu ikaita. Mama yake, yaani shangazi yangu.

"Mwanangu, kanda ya mzee mmeitoa wapi?" Alinong'ona. "Na mbona anatangaza kifo cha mlinzi wenu? Si nimepita getini asubuhi, kanitania?"

Binamu alishuka ngazi mbio. Mlinzi alikuwa kitini pake, kofia magotini, macho wazi. Redio yake ndogo bado iko sikioni.

Rekodi ya siku ile ipo. Isikilize. Dakika ile ni kimya kitupu, ila mwishoni mtu anavuta pumzi. Mbali na maiki, kama inavyotakiwa.

Watu wananicheka kwamba nina domo, kwamba nalala redio ikibwata kichwani, kwamba hata msibani lazima nipige soga. Nami huwajibu kwa utani. Haya, sikia nilichokiruka.

Siku ile nilikuwa sebuleni kwa shangazi, tumesimama kama tulivyoombwa. Mzee alipomaliza la mlinzi, alikohoa kidogo, akaendelea: "Mtangazaji wa kituo hiki anasikitika kutangaza kifo cha binamu yake..."

Ndipo maiki ikafunguliwa. Shangazi alipopiga simu nilimshika mkono, asilitaje hilo.

Na binamu anaye mmoja tu: mimi. Na mzee hakumaliza kusoma. Basi wewe, nikinyamaza kidogo nivute pumzi, tafadhali, sema kitu. Chochote.