Tumpe na Mlima Uliojificha

Huyu ni Tumpe. Ana miaka sita, na ana miguu isiyotulia.

Tumpe alizaliwa bondeni, kwenye mashamba ya mpunga. Kule ardhi ni tambarare kama mkeka. Sasa amehamia kwa bibi yake, kwenye mashamba ya chai.

Kwa Bibi kuna mvua. Kuna baridi. Na kuna ukungu! Ukungu wa huko si mchezo. Ukinyoosha mkono, vidole vinapotea.

Tumpe akapata marafiki wawili. Gwakisa ana mbio, na ana maneno mengi. Sekela ni mpole, lakini hachoki.

"Mvua zikiisha kuna mbio za mlima," alisema Gwakisa. "Watoto hukimbia watatu watatu, mpaka kwenye jiwe jeupe na kurudi uwanjani. Sisi tuko wawili tu. Njoo uwe wa tatu!"

"Wa tatu anafanya nini?" aliuliza Tumpe.

"Wa tatu akifika, mwalimu anagonga kengele," alisema Sekela. "Asipofika, kengele hailii. Hata wawili wawahi vipi, hailii ng'o!"

Basi, kila Jumamosi asubuhi walifanya mazoezi. Tapa, tapa, tapa!

Gwakisa alitangulia. Sekela alifuata. Tumpe alikuwa nyuma, akiona visigino vya Sekela tu. Kwingine kote kulikuwa kweupe.

Ili wasipoteane, Gwakisa aliita:

"Mpo?"

"Tupo!"

"Haya, twende!"

Tapa, tapa, tapa!

Njia ikapanda. Ikakata kona. Ikapanda tena. Mwisho wa njia kulikuwa na jiwe kubwa jeupe. Hapo waliketi, wakahema hee, hee, hee, wakala ndizi za kuchemsha.

"Kumbe hiki ni kilima kidogo tu," aliwaza Tumpe, huku akitafuna.

Na hakuna aliyemwambia vingine. Gwakisa na Sekela walizaliwa pale pale. Nani angekumbuka kumweleza mwenzake habari za mlima? Mlima si upo!

Siku ya mbio ikafika. Mvua zilikuwa zimekwisha. Ukungu nao ulikuwa umekwenda zake.

Tumpe akatoka nje. Akatazama juu. Akatazama juu zaidi. Akatazama juu mpaka shingo ikauma.

"Bibi! Kile ni nini?"

"Ni mlima, mjukuu wangu."

"Umekuja lini?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Haujaja. Upo siku zote!"

Tumpe hakucheka. Mlima ulikuwa wa kijani chini, wa bluu juu, na mkubwa, mkubwa, mkubwa! Wingu moja lilikuwa limeketi begani mwake.

Uwanjani watoto walijipanga watatu watatu. Mwalimu Lugano alisimama kando ya kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari, imening'inizwa kwenye mti.

Mwalimu akapuliza filimbi. Priii!

Watoto wote wakatimka. Tapa, tapa, tapa!

Wote, isipokuwa Tumpe. Miguu yake ilikuwa imeganda.

Gwakisa akarudi mbio. Sekela naye akarudi. "Tumpe, vipi? Twende!"

"Siwezi," alisema Tumpe, na machozi yakamlengalenga. "Mimi nilijua ni kilima. Ule ni mlima! Nendeni ninyi."

"Tukienda wawili, kengele haitalia," alisema Gwakisa. Safari hii hakuwa na maneno mengi.

Sekela akachuchumaa kando ya Tumpe. Akanyoosha kidole.

"Unaona kitu cheupe kule juu? Kule, juu kabisa?"

"Kile kidogo kama punje ya mchele?"

"Ndicho. Ni jiwe letu. Jumamosi iliyopita uliketi pale ukala ndizi."

Tumpe akafumbua macho makubwa. "Mimi? Pale? Karibu na mbingu?"

"Wewe. Pale pale. Na ndizi yako ukanimegea."

Tumpe akatazama mlima. Kisha akainama, akatazama miguu yake miwili midogo yenye vumbi.

"Ninyi!" aliiambia. "Mlifika kule, hamkuniambia?"

Miguu haikujibu. Lakini kidole gumba kikacheza. Kisha mguu mmoja ukaenda. Na wa pili ukaufuata.

"Mpo?" aliita Gwakisa.

"Tupo!"

"Haya, twende!"

Tapa, tapa, tapa! Njia ikapanda. Ikakata kona. Ikapanda tena. Tumpe bado aliogopa, lakini alikimbia.

Akaligusa jiwe jeupe. Akageuka.

"Lo!" alisema. "Lo, lo, lo!"

Chini yake kulikuwa na mawingu. Chini ya mawingu kulikuwa na chai, kijani kila mahali. Mbali kabisa, ziwa lilimeremeta. Kando ya ziwa palikuwa na mpunga.

"Kule ni kwetu!" alisema Tumpe kwa sauti ndogo. "Dunia nzima ilikuwa humu ukunguni!"

Wote watatu wakasimama kutazama. Hata Gwakisa.

Kisha wakashuka. Tapatapatapatapa! Watoto wengine walikuwa wameshafika zamani, wanakula miwa.

Gwakisa akavuka mstari. Kimya. Sekela akavuka mstari. Kimya. Mwalimu Lugano akainua nyundo, akangoja.

Tumpe akavuka mstari.

NGEEEEE!

Uwanja mzima ukashangilia. Marafiki watatu wakaangukiana majanini, wakicheka na kuhema.

Jioni Bibi akamkanda Tumpe miguu kwa maji ya moto, akamfunika blanketi.

"Bibi, ule mlima wote niliupanda mimi?"

"Uliupanda."

"Wote?"

"Wote, mjukuu wangu."

Tumpe akafikiri kidogo. "Na bado ni mkubwa vile vile?"

"Bado ni mkubwa vile vile."

"Afadhali," alisema Tumpe. Akapiga mwayo, akalala.