Karatasi ya Majaribio

Maiti ya Katibu wa chama ilikutwa imepiga magoti, paji la uso sakafuni, kama mtu anayetafuta kitu kilichoviringika chini ya kitanda. Juu ya mabega yake ilikuwa imelala printa kuukuu ya ofisini, nzito kama mfuko wa saruji.

Inspekta aliizunguka mara moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya wa kuudhi, na askari wake walimwita Sindano pale tu alipokuwa mbali.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kubanana. Kitanda, meza ya kukunja, kabati, na kati ya kabati na ukuta pembe ndogo ambayo mtu mnene angeingia kwa kuvuta pumzi. Hapo kwenye pembe, usawa wa kifua, palikuwa na rafu ya mbao. Bomba la maji lilipanda nyuma yake hadi darini.

"Ajali, afande," alisema koplo, ambaye hajawahi kuona maiti akakosa jibu. "Alikuwa anaishusha kutoka kwenye rafu, ikamponyoka."

"Juu ya rafu kuna nini sasa?"

"Printa nyingine. Ndogo. Mpya."

"Imechomekwa kwenye umeme?"

"Imechomekwa, na taa yake inawaka."

"Basi ya zamani ilikuwa imeshashushwa kabla ya hii kupanda. Kitu kilichoko sakafuni kinamwangukiaje mtu kichwani?"

Koplo alianza kuandika kwenye daftari lake ingawa hakuna aliyemwambia aandike.

Daktari wa polisi alikuja akathibitisha. Pigo moja, kisogoni, kutoka juu, mtu akiwa ameinama. Kifo kilitokea saa nne asubuhi, pungufu au zaidi kidogo. Mtaalamu wa alama za vidole naye alipuliza unga wake kwenye lile dude akatikisa kichwa. Lilikuwa limefutwa likang'aa, na kitu cha miaka kumi na tano haking'ai chenyewe.

Kwa hiyo yalikuwa mauaji, na majirani walikuwa na jibu lao tayari. Aliyeikuta maiti saa sita mchana ni mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe mkubwa aliyekuwa kazini mbali. Jumapili tu mkwe huyo alisimama uani, mtoto mchanga mgongoni, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. Mdomo uliponza kichwa. Shemeji yake, mtoto wa mwisho wa marehemu, alikuwa ameshafika kwa mkuu wa kituo kudai mwanamke huyo afungiwe. Mkuu, asiyependa kelele, alimpa Inspekta hadi kesho asubuhi. Baada ya hapo mkwe angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua, na mtoto wa miezi mitatu ama aende naye rumande ama abaki bila ziwa.

Inspekta alimhoji palepale kibarazani.

"Ulimwambia nini baba mkwe wako Jumapili?"

"Kwamba ipo siku hilo dude litamwangukia."

"Kwa nini?"

"Mwanangu hana pa kulala, afande. Ile pembe ndiyo nafasi pekee iliyobaki ndani ya nyumba. Dude likikaa juu, tumbo lake linatokeza nje, siwezi kuweka kitanda cha mtoto chini yake. Nikamwambia baba, nunua ndogo, ya bei nafuu, wewe ukae na rafu yako na mjukuu wako apate sakafu. Tumegombana mwezi mzima."

"Leo saa nne ulikuwa wapi?"

"Kliniki. Chanjo."

"Nani alikuona?"

"Foleni nzima. Hakuna hata mmoja ninayemjua."

Kadi ya kliniki ilikuwa na mhuri wa leo, lakini mhuri hausemi saa. Mkwe aliifunua na kuifunika mara tatu kama vile saa ingejitokeza yenyewe. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, mahabusu mtoto analala wapi. Inspekta alikuwa analijua jibu, na lilimkera.

Alirudi chumbani. Kwenye droo ya meza palikuwa na jalada nene. Ndani yake mlikuwa na nakala za barua hamsini na tatu, zote za mashtaka, zote kwa wakubwa wa kazi wa watu mbalimbali. Mwalimu fulani mlevi. Dereva fulani anauza mafuta ya serikali. Mkunga fulani mchawi. Hakuna iliyokuwa na sahihi. Zote zilimalizika kwa maneno yaleyale, "Mimi raia mwema," na kila moja ilikuwa na mstari mwembamba mweusi ulioshuka ukingo wa kulia toka juu hadi chini, kovu la printa iliyochoka.

"Mkwe anasema walidhani ni kazi za chama," alisema koplo. "Mzee alikuwa anachapa tu mchana kutwa."

"Raia mwema," alisema Inspekta, na mdomo wake ukapinda.

Aliigeukia printa mpya. Alimwagiza koplo abonyeze vitufe vyake, kwa kuwa vijana ndio wenye subira navyo, mpaka kioo kidogo kikaonyesha hesabu ya kurasa. Mashine ilikuwa imechapa ukurasa mmoja tu toka izaliwe.

"Uko wapi huo ukurasa?"

Walipekua chini ya kitanda, ndani ya kabati, mifukoni mwa marehemu, jaani. Haukuwepo. Ndipo Inspekta alipoinyanyua ile printa kutoka kwenye rafu, na chini yake akakuta gazeti.

Lilikuwa limekatwa kwa mkasi kwa umbo la printa, trei zake zikiwa zimevutwa nje. Pembe zote zilikuwa za mviringo, na nyuma palikuwa na pengo dogo lililopisha bomba la maji. Aliliinua dirishani akasoma tarehe. Lilikuwa gazeti la leo.

Mkwe alipoulizwa kama baba mkwe alikuwa akinunua magazeti, alisema halijaingia hata moja toka aolewe. Mzee alikuwa akisema magazeti yamejaa uongo.

Risiti ilikuwa bado ndani ya boksi. Printa ilinunuliwa Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi.

Duka lilikuwa mtaa wa tatu, jembamba, mashine zimepangwa hadi juu, lakini hakuna iliyogusa mwenzake. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, futi ya fundi cherehani shingoni. Mtaa ulimwita Mama Vipimo. Inspekta alijitupia mtandio, akaingia kama mteja.

"Natafuta printa ya nyumbani, mama. Ndogo na rahisi. Nafasi yangu ni ya kuhesabu vidole."

"Nipe hivyo vidole, mwanangu," alisema Mama Vipimo. "Upana? Kwenda ndani? Juu kuna nini?"

Inspekta alitaja vipimo vya pembe ya kando ya jokofu lake, kwa kuwa kweli mumewe alikuwa amemsumbua kuhusu printa tangu mwaka jana. Mama Vipimo alizipita tatu za bei ya chini bila kuzigusa.

"Hizi zitakudanganya. Watu wanaipima printa ikiwa imefunga mdomo. Ipime ikiwa imeufungua. Hii inalishwa karatasi kwa nyuma, inataka kiganja kizima kati yake na ukuta, la sivyo karatasi itakwama kila siku. Na urahisi usiuangalie kwenye mashine. Mashine unanunua mara moja, wino unaununua mpaka ufe. Chukua hii, inalishwa kwa mbele, wino wake ni wa kujaza kwa chupa."

"Na isipoenea?"

"Haitoki dukani kwangu isipoenea."

Alivuta gazeti, akachukua mkasi, akakata umbo la ile printa na trei zake bila kuchora. Mikono yake ilikuwa myepesi na yenye furaha ya kazi. "Hili ukalitandaze mahali penyewe. Likikunjika popote, printa si yako."

"Pembe unazikata mviringo."

"Zisikunjike ukanidanganya."

Inspekta alivua mtandio. Akatoa kwenye mkoba gazeti la kwanza, akalilaza juu ya kaunta, kando ya la pili.

"Nyumbani kwa Katibu ulifika lini, mama?"

"Sijafika. Alibeba mwenyewe, Jumatatu."

"Hili ni gazeti la leo."

Mama Vipimo hakulitazama. Alitazama mkasi.

"Dude umelifuta vizuri," alisema Inspekta. "Gazeti hukulifuta. Wino wa gazeti unashika vidole, mama, unajua kuliko mimi. Na kuna msichana ananyonyesha, kesho asubuhi anapelekwa mahakamani badala yako."

"Msichana gani?"

"Mkwe wake."

Mama Vipimo alikaa juu ya boksi. Ni hapo tu uso wake ulipobadilika. "Sikujua kama kuna mtu mwingine mle ndani," alisema. "Huyo mwachie. Huyo sina deni naye."

Koplo aliingia akasimama mlangoni. Mama Vipimo alifungua pochi, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa pamoja, akazitandaza kwa kiganja. Ya kwanza ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo na ilikuwa na mstari mweusi ukingoni. Ya pili ilikuwa mpya, nyeupe, haina doa. Maneno yalikuwa yaleyale. Mfamasia wa zahanati anawapa wagonjwa dawa zilizokwisha muda na kuficha nzima. Mimi raia mwema.

"Mume wangu," alisema. "Walimfukuza siku tatu baada ya barua hii kufika, wakamtupia barua yenyewe, hawakufungua hata kabati kukagua. Miaka miwili alikaa kwenye kiti akiuliza swali moja, ni nani. Alikufa anauliza. Mimi nikaanza kuuza printa, afande. Watu walidhani ni riziki. Kila mteja mwenye mashine ya zamani nilimwambia aniletee karatasi aliyoichapa, nione ubovu wake. Miaka tisa nimetazama ubovu wa mji huu."

"Na Jumatatu akaja Katibu."

"Akaja na karatasi yake, anataka ndogo, nafuu, ya kwenye pembe. Akanionyesha mstari. Anasema, mama, mstari huu unanitia aibu." Alicheka bila sauti. "Nikamuuzia. Jumatano akarudi analalamika bomba linazuia trei. Nikamwambia nitakuja mwenyewe."

"Ungeiweka tu juu ya rafu bila gazeti, nisingefika hapa."

"Ingegusa bomba," alisema Mama Vipimo kwa ukali kidogo. "Karatasi ingekwama."

Inspekta aligonga kidole kwenye karatasi mpya.

"Nilikuwa nimeinakili barua yake kwenye simu yangu, neno kwa neno. Nikaichapa kama karatasi ya majaribio, nikampa mkononi. Nikamwambia, soma, mzee. Nilikwenda na vitu viwili moyoni, afande. Akishtuka, akijitetea, hata akinitukana, ningejua anakumbuka amemfanyia nani. Nadhani ningemwachia Mungu nikaenda zangu."

"Akasoma?"

"Akavaa miwani akasoma yote, toka juu mpaka raia mwema. Akaiinua dirishani kwenye mwanga. Akaigeuza, akatazama na nyuma." Mama Vipimo alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yake miwili juu ya kaunta, tayari kwa pingu. "Kisha akanirudishia akatabasamu. Akasema, 'Safi kabisa. Mstari umetoka.' Akainama kuzoa waya."