Kidoti na Ahadi za Jumamosi

Kila alasiri Kidoti alipotoka shule, alivua sare, akaifua, kisha akaketi sebuleni kando ya shangazi yake. Shangazi alikuwa mbunifu wa michoro. Hakuajiriwa na mtu. Watu walimletea kazi nyumbani, naye akawatengenezea mabango, nembo na majalada ya vitabu kwenye kompyuta iliyokaa karibu na dirisha. Kidoti naye alichora kwa penseli na rangi, na sifa zake zilishaenea mtaa mzima.

Wiki hiyo fundi cherehani alikuwa anahamia chumba kipya. Alimwomba Kidoti amchoree kibao cha mlangoni.

"Wala usijali, fundi. Jumamosi asubuhi utakipata," Kidoti alisema.

Kesho yake nahodha wa timu ya darasa lao akataka nembo ya simba kwa ajili ya mechi ya Jumamosi hiyohiyo.

"Simba mwenye manyoya ya moto?" Kidoti aliuliza.

"Na makucha!"

"Umeshapata!"

Kuombwa kulimnogea kuliko kuchora kwenyewe. Ijumaa ilipofika, kibao hakikuwa na hata mstari, na simba alikuwa bado mkia mtupu.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya fundi. Kidoti akajitosa chini ya meza ya shangazi.

"Shangazi, mwambie sipo," alinong'ona.

Fundi aliingia, akasalimia. "Mchoraji wetu yupo?"

"Yupo," shangazi alijibu, macho kwenye kazi yake. "Yuko chini ya meza, kati ya nyaya."

Kidoti alitoka na utando wa buibui kichwani. Fundi aliangua kicheko, lakini Kidoti machozi yalimlengalenga.

"Shikamoo, fundi. Kibao chako... sijakianza."

Kicheko kikakatika. "Kesho nafungua, mwanangu. Hata ngazi nimeshaazima."

"Najua. Nilimkubalia kila mtu. Nisamehe."

Fundi alikunja na kukunjua utepe wake wa kupimia. "Ungenificha, kesho ningesimama pale mlangoni kama mwehu," alisema hatimaye. "Afadhali umesema. Nitafungua bila kibao. Nichoree nikipate Jumatano, na herufi ziwe kubwa. Wateja wangu wengi ni akina bibi."

Alipoondoka, Kidoti alidhani atagombezwa. Shangazi alimtazama tu. "Bado nahodha," alisema.

Kidoti alipomweleza, nahodha alinuna kweli. "Timu nzima nimeshaitangazia moto na makucha!"

Mwishowe wakakubaliana kichwa cha simba tu, tena cha rangi moja. Kidoti alikichora jioni ileile, akafuta, akarudia mpaka kikakaa sawa. Uwanjani wapinzani walipiga kelele, "Paka! Paka!" lakini wachezaji waliiinua juu nembo yao kwa mbwembwe, na mechi ikaisha sare.

Jumatano kibao kilipanda juu ya mlango wa fundi. Bibi mmoja alisimama ng'ambo ya barabara, akakisoma kwa sauti bila miwani, na fundi akatembea kifua mbele kama aliyekichora yeye.

Muuza maua wa jirani alisogea. "Binti, nami nataka kama hicho. Kesho, sawa?"

Kidoti alifungua mdomo, akaufunga. "Kesho nina mtihani wa hesabu. Jumatatu naweza, kama itakufaa."

"Jumatatu itanifaa sana," muuza maua alisema. "Maua yangu hayakimbii."

Shangazi, aliyekuwa amekuja kukiona kibao, alimshika Kidoti mkono wakaelekea nyumbani.

"Mimi sina bosi wala kengele ya kuniamsha," alimwambia. "Watu hunirudia kwa sababu nikisema Jumatatu, inakuwa Jumatatu. Kuchora vizuri ni nusu ya kazi, mwanangu. Nusu nyingine ni kusema kweli kuhusu unachokiweza na usichokiweza, tena mapema, mwenzako angali na nafasi ya kujipanga."