Nyundo Isiyookotwa

Saa moja na dakika ishirini, Jumanne asubuhi, Inspekta Philomène alivuka kizingiti cha nyumba ya Franck, mkuu wa wachimbaji wa shaba, akamkuta chali sakafuni. Nyundo ilikuwa imempasua fuvu kwa mapigo mawili. Kisha buti likamkanyaga shingo hata koo likavunjika. Nyundo yenyewe ilikuwa chini, hatua moja tu kutoka kwenye maiti, mpini ukiteleza kwa damu.

“Ilimponyoka muuaji,” aliwaza. “Basi mbona hakuiokota, akachagua kazi ndefu ya buti?”

Nje ya kituo cha polisi, umati ulikwisha kuandaa tairi na petroli. Ndani alikuwamo Léon, mvunja mawe wa machimbo ya Kakontwe, ambaye Jumamosi aliapa sokoni kumuua Franck.

“Miye niliongea tu, mama,” alilia, jicho limevimba kwa ngumi. “Kama kinywa kinaua, muji wote wa Likasi ungekuwa makaburi!”

“Saa kumi na mbili, Franck alipouawa, ulikuwa wapi?”

“Kwa jirani yangu, papa Gauthier. Namufungiaka viatu kila asubuhi, anaenda kutembea. Kisha nikashika njia ya Kakontwe, peke yangu.”

“Hana mikono?”

“Iko nayo! Docteur alimukataza kuinama. Walimupasua mugongo wiki iliyopita. Ata kijiko kikianguka, anakiangalia tu.”

Philomène akampigia simu Daktari Tania wa Lubumbashi, aliyempasua mzee huyo.

“Gauthier anaweza kutembea?”

“Alitembea jioni ileile. Tulipitisha bomba jembamba lenye kamera katika tundu la sentimita mbili, tukatoa kipande cha diski kilichobana neva ya mguu. Kutembea ni dawa. Kuinama ndiko marufuku.”

Saa nne na robo, Gauthier, mgane anayeishi peke yake, alikuwa kitandani kwake, amejifunika blanketi hadi kidevuni.

“Mama, nakufa na mugongo.”

Philomène alilivuta blanketi. Mabuti yalikuwa bado miguuni, kamba zimekazwa barabara, damu imegandia kwenye soli.

“Hukuweza kuyavua, papa. Wala kuiokota nyundo.”

Mzee alilisukuma blanketi kando.

“Mutoto wangu Exaucé alifunikwa na udongo katika shimo la Franck. Siku mbili tulimusikia anagonga. Franck akaamuru wafukie, kazi iendelee. Nilichimba na mikono mpaka mugongo ukaharibika, miguu ikakufa. Docteur aliponirudishia miguu, niliipeleka kwa Franck.”

“Sasa watu wanataka kumchoma Léon kwa kifo hicho.”

“Léon?” Uso ulimsawijika. “Weye unasema kweli?”

“Petroli imekwisha kufika.”

Gauthier alijigeuza ubavu, akashusha miguu, akasimama wima kama mlingoti.

“Tuende. Kwa miguu, wanione.”

Langoni mwa kituo alipenya kati ya watu, akalipiga teke dumu la petroli.

“Miye ndiye nilimuua! Muachilie yule!”

Jiwe la kwanza lilimpasua shavu. La pili lilimpata begani. Philomène alifyatua risasi hewani. Mzee hakurudi nyuma hata hatua moja, mpaka alipomwona Léon akitoka mlangoni, hai.